Tilandsia Inakauka au Inaoza? Kusoma Dalili za Mmea wa Hewani Ukiwa Lamu

Mmea wa hewani ukianza kubadilika rangi, mkono wa mtu hukimbilia maji kabla jicho halijatazama. Ncha zimekauka, anaongeza maji. Majani yamepauka, anaongeza maji. Umelegea, anaulaza ndani ya bakuli usiku kucha. Kwa Lamu hilo ni jambo la hatari, maana kisiwani kwetu tilandsia nyingi haziuawi na kiu. Zinauawa na maji yaliyotuama katikati ya majani, au na chumvi iliyokuja pamoja na maji hayo. Kwa hiyo kabla hujachota, ugeuze mmea juu chini uangalie kitako chake. Hicho ndicho kitakachokwambia usome sehemu ipi kati ya hizi zinazofuata.

Ninaouzungumzia ni Tillandsia ionantha, ule mdogo unaotosha kiganjani, wenye majani membamba, magumu, yaliyopangika mithili ya kishungi cha nanasi. Kufanana huko si kwa bahati: wote wawili ni wa ukoo mmoja, Bromeliaceae. Asili ya ionantha ni Meksiko na Amerika ya Kati, ambako hujishikiza kwenye matawi ya miti na kwenye miamba. Ukoo huo karibu wote ni wa mabara ya Amerika. Afrika nzima ina aina moja tu ya asili, Pitcairnia feliciana, inayoota miambani huko Guinea. Kwa hiyo kila tilandsia inayoning'inia Amu, yaani mji wa Lamu, imeletwa na mtu, na haina ujuzi wowote wa hewa ya hapa.

Mwili wake una mambo mawili ambayo lazima uyajue, la sivyo dalili zitakupoteza. La kwanza, mizizi yake ni ya kushikia tu. Maji na chakula huingia kupitia magamba madogo meupe yaliyoyafunika majani, ndiyo yanayoupa ile rangi ya kijivu. La pili, vitundu vyake vya kupumulia hufunguka usiku na kufungwa mchana, ili jua lisiunyonye maji. Jani likilowa, tabaka la maji huifunika ngozi yake na hewa haipiti. Mmea uliolowa usiku unakosa pumzi saa ileile unapoihitaji. Ndiyo maana mimi husisitiza kuumwagilia asubuhi, baada ya alfajiri, ili magharibi ikiingia uwe mkavu kabisa.

Kitako cheusi, majani yanachomoka

Ushike mmea kwa vidole viwili ubonyeze kitako taratibu. Kitako kizima ni kigumu, kina rangi ya kijani hafifu au kahawia kavu, na hakina harufu. Kilichooza hubonyea, huwa cheusi au kahawia yenye umajimaji, na ukikisogeza puani unapata harufu ya mboga iliyovunda. Kisha shika jani moja la katikati, si la pembeni, ulivute kidogo. Jani la mmea mzima hugoma. Likichomoka bila upinzani, na shina lake la chini jeupe limeanza kuwa kahawia, basi moyo wa mmea umeoza.

Usichanganye na majani mawili matatu ya chini kabisa yaliyokauka hadi yanavunjika ukiyagusa. Hayo ni uzee. Yaondoe, uendelee na shughuli zako.

Sababu kubwa ya kuoza ni kutoukausha. Mtu anauloweka vizuri, anautoa, anaurudisha wima mahali pake, na maji yanabaki yamejificha kati ya majani pale yanapokutana. Nairobi, penye hewa kavu, mara nyingi hupona kwa kosa hilo. Hapa kwetu hewa yenyewe imeshiba maji, na mwezi wa Mei masika yakiwa yamekolea, tone lililoingia moyoni asubuhi linaweza kulala humo. Kipimo kinachotumiwa na wakuzaji wa mimea hii ni masaa manne: kama haujakauka ndani ya muda huo, mahali unapokaa hapana upepo wa kutosha.

Namna ya kufanya ni hii. Uloweke kwenye maji safi dakika 20 hadi 30. Utoe, ushike kitakoni, ugeuze kichwa chini, uukung'ute kwa nguvu kidogo mara kadhaa. Utashangaa matone yanayoruka wakati wewe ulidhani maji yameisha. Kisha uulaze ubavu au kichwa chini juu ya ungo au kikapu, penye upepo unaopita lakini si penye jua. Siku ambayo upepo wa matlai umetulia na hata pazia halitikisiki, washa feni. Ukiutundika mahali pa kudumu, uutundike kwa kuuinamisha. Porini huota kwenye matawi ukielekea kila upande, hata kichwa chini, na huko kuinama huwa kinga yake.

Sababu ya pili ni chombo. Tilandsia nyingi huuzwa ndani ya mpira wa kioo wenye tundu dogo, au chupa iliyotiwa mchanga na makombe. Vinapendeza, lakini hewa ndani yake haitembei, joto linapanda, na unyevu hauna pa kwenda. Kwa Lamu mimi sishauri kioo hata kidogo. Utoe leo. Vilevile kama umepandwa kwenye udongo, au kitako kimezungushiwa nyasi laini za mapambo (moss) au sponji ili usianguke, ondoa vyote. Mmea huu hauna haja ya udongo, na kitu chochote kinachoshika unyevu kikagusa kitako chake ni mwanzo wa ugonjwa.

Ratiba nayo lazima ifuate pepo, si kalenda iliyoandikwa na mtu wa nchi nyingine. Kaskazi ikivuma, tangu Desemba hadi Machi, jua ni kali na mvua hakuna: uloweke mara moja kwa wiki, na katikati ya wiki uunyunyizie mara moja au mbili asubuhi. Masika yakiingia na mwanzo wa kusi, punguza hadi kuuchovya tu kila baada ya siku kumi au wiki mbili. Ukiwa nje unanyeshewa, usiuongezee kitu. Ukinyeshewa siku tatu mfululizo bila kukauka, uingize ndani.

Ukishaoza, je? Moyo ukiwa umetoka, katikati hapatarudi tena, na inauma kuliona hilo kwenye mmea uliokupa maua. Lakini usiutupe haraka. Ng'oa majani yote yaliyolainika mpaka ufike penye ugumu, suuza kwa maji safi, uweke kivulini penye upepo, na usiupe maji kwa wiki nzima. Mara nyingine ubavuni mwa mmea kuna chipukizi ambalo halijaguswa, nalo litaishi.

Jambo moja nakuomba ulishike. Ukienda duka la pembejeo ukasema mmea wako unaoza, huenda ukapewa dawa ya ukungu iliyotengenezwa kwa shaba, ile kopa oksikloridi inayopulizwa kwenye nyanya na viazi. Kwa nyanya ni dawa. Kwa tilandsia ni sumu, kwa sababu magamba yale hunyonya chochote kilichomo majini na mmea hauna namna ya kuitoa shaba. Soma lebo. Ukiona neno “copper”, irudishe.

Ncha za majani zimekauka

Kitako kikiwa kigumu na safi lakini ncha ni za kahawia, tunaingia kwenye tatizo la pili la Lamu, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Kiu na chumvi huchoma ncha kwa namna inayofanana, ilhali tiba zake zinapingana. Ukiona kiu ukaongeza maji yenye chumvi, umeongeza ugonjwa.

Mmea wenye kiu hujikunja wote. Majani hujifunga kuelekea katikati, kila jani linafanya mfereji mrefu kwa ndani, rangi inakuwa kijivu kisichong'aa, na ukiushika ni mwepesi kuliko ulivyozoea. Mmea uliokula chumvi hauna haja ya kujifunga. Majani yanaweza kuwa yamekaa vilevile, ila ncha zimekufa, na ule ukahawia unashuka kidogo kila wiki. Ukitazama karibu, kwenye mwanga wa dirisha, utaona ukoko mweupe kwenye kingo za majani au pale maji yanapokusanyika kitakoni.

Bado una shaka? Upime kwa maji ya mvua. Uloweke tangu alfajiri hadi adhuhuri, ukung'ute, uukaushe. Kama ilikuwa kiu, kabla ya jioni majani yatakuwa yamefunguka na rangi ya kijani imerudi. Kama hakuna kilichobadilika, usiendelee kumwaga. Tafuta chumvi.

Chumvi inatoka wapi? Maji ya mji wa Lamu yanategemea visima vya upande wa Shela, chini ya vilima vya mchanga. Mvua hupenya mchangani, na maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yanakaa juu ya maji ya bahari yaliyo chini yake kwa sababu ni mepesi. Yakivutwa kuliko mvua inavyorudisha, yale ya chini yanapanda. Visima vya majumbani navyo vinatofautiana: nyumba hii maji tamu, ya pili yake yana munyu, na hata kisima kimoja hubadilika kati ya masika na mwisho wa kaskazi. Ulimi si kipimo kizuri, kwa kuwa umezoea maji ya kwenu tangu utotoni.

Chukua sahani nyeusi, au kipande cha kioo ulichokiweka juu ya kitambaa cheusi. Tia kijiko kimoja cha maji ya nyumbani upande mmoja, na kijiko cha maji ya mvua upande wa pili. Yaache juani mpaka yakauke. Maji ya mvua yataacha alama hafifu, pengine hutaiona. Ya nyumbani yakiacha duara jeupe, hicho ndicho unachoupaka mmea wako kila wiki. Dondosha tone la maji ya mvua juu ya duara hilo: likiyeyuka mara moja, sehemu kubwa ni chumvi, likibaki limeganda, ni chokaa ya mawe ya matumbawe, ileile inayoshika ukoko ndani ya birika. Chokaa haiui upesi kama chumvi, lakini huziba magamba, na baada ya miezi mmea unakuwa na kiu ilhali unalowekwa kila wiki.

Kuchemsha maji hakuondoi chumvi. Kunaikoleza, kwa sababu mvuke unaondoka na chumvi inabaki. Kuyalaza usiku kwenye chombo wazi kunapunguza klorini, hilo ni jema, lakini chumvi haiendi popote. Wengine wanakusanya maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi wakidhani ni kama ya mvua. Yanapita juu ya mabomba ambayo mara nyingi ni ya shaba, na shaba tumeshaisema.

Maji ya mvua ndiyo dawa, na hesabu yake ni nyepesi kuliko watu wanavyofikiri. Mmea mdogo huu unahitaji bakuli la lita 1 kwa wiki. Dumu la lita 20 linatosha wiki 20. Ukilijaza mwishoni mwa masika, linakufikisha kwenye vuli. Ukilijaza tena wakati wa vuli, linakufikisha karibu na masika. Dumu moja tu, limefunikwa mbu wasiingie, limewekwa kivulini. Acha mvua ya kwanza ioshe paa, kinga ile inayofuata. Epuka maji ya mabati mapya, kwani yana zinki. Maji ya makuti huwa na rangi ya kahawia na takataka. Yachuje kwa kitambaa safi, au bora kinga moja kwa moja kwa beseni lililowekwa wazi. Usipokuwa na maji ya mvua, tumia maji ya kunywa ya chupa ambayo lebo yake inaonyesha sodiamu kidogo sana.

Mmea uliokwisha kula chumvi uoshe: uloweke kwenye maji ya mvua nusu saa, umwage maji hayo, urudie baada ya siku tatu. Usiloweke mmea mgonjwa na mzima kwenye bakuli moja. Ncha zilizokufa hazifufuki. Zikikukera, zikate kwa mkasi mkali kwa mshazari, ukiacha ukanda mwembamba wa kahawia bila kugusa sehemu hai.

Kuna chumvi nyingine isiyopita kwenye ndoo kabisa, ile ya upepo. Mji wa Amu umekingwa na kisiwa cha Manda, kwa hiyo nyumba za ndani ya mitaa hazina taabu kubwa. Shela ni habari nyingine: upande unaotazama bahari kuu hupigwa na kusi, na barazani ukipitisha kidole kwenye kioo cha dirisha unakipata kinanata. Mmea uliotundikwa hapo utaungua upande mmoja, upande wa bahari. Uhamishie nyuma ya ukuta, na wakati wa kusi uusuuze kwa maji ya mvua kila wiki hata kama hauna kiu.

Tazama mmea unagusa nini

“Dadangu, mbona huu unakuwa mweusi na hata maji siupi sana?” aliniuliza jirani yangu wa Langoni, akanionyesha tilandsia aliyoiweka kwenye mdomo wa dele la zamani, lile birika la kahawa. Kitako kilikuwa cheusi lakini kikavu, bila harufu, na weusi ulianzia palepale kilipogusa ukingo wa dele. Dele ni shaba nyeupe au nyekundu, na mmea ukilowa juu ya shaba huinywa.

Lamu ni mji wa vitu vizuri vya kale, na kila mtu anapenda kuuweka mmea huu juu ya kitu chenye historia. Naelewa, hata mimi napenda. Lakini hebu vipitie kimoja kimoja. Shaba ya aina yoyote haifai: dele, sinia, vipande vya taa, misumari ya mlango, waya wa umeme uliochunwa. Waya wa mabati una zinki, nao haufai. Funga kwa mshipi wa kuvulia, ule wa nailoni, haushiki maji, hauozi, na hauonekani ukiwa mbali.

Kamba ya makumbi inapendeza na inaendana na mmea, ila kumbuka inavyotengenezwa: makumbi hufukiwa pwani na kuachwa yalainishwe na maji ya bahari kwa miezi kabla ya kupondwa na kusokotwa. Kamba mpya ina chumvi ndani kabisa. Iloweke kwenye maji baridi, ubadilishe maji kila siku kwa wiki moja au zaidi, kisha ifanyie kile kipimo cha sahani kwa maji ya mwisho uliyoikamua. Fanya hivyohivyo kwa magogo yaliyotupwa na bahari, vipande vya boriti na makombe, isipokuwa gogo nene linahitaji wiki kadhaa, maana chumvi hutoka polepole.

Mbao za majahazi ya zamani ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Fremu zinazochongwa kutokana nazo ni nzuri mno, lakini mbao hizo zimenyweshwa chumvi kwa miaka, zikapakwa sifa, yale mafuta ya papa, na chini ya maji zikapakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa. Mafuta yakigusa magamba ya tilandsia, yanayaziba. Ukiipenda fremu, tundika mmea mbele yake kwa mshipi, usiuegeshe juu ya ubao. Mbao mpya zilizotiwa dawa ya kijani ya kuzuia mchwa ziache kabisa. Ule ukijani mara nyingi ni shaba.

Umepauka upande mmoja, au umerefuka na kulegea

Hapa tatizo ni mwanga. Doa jeupe au la rangi ya majani makavu kwenye upande uliotazama jua, lenye mpaka unaoonekana wazi, ni kuungua. Halitapona, lakini halisambai ukishauondoa hapo. Kuna mahali watu hawapashuku: juu darini chini ya makuti, tundu dogo tu la makuti linapitisha mshale wa jua la saa saba juu ya mmea uleule kila siku. Kaa pale mchana uangalie.

Kinyume chake ni mmea wa kijani kibichi sana, majani yamerefuka, yamelegea na kupinda chini, na ule ukijivu wake umepungua. Huo una kiza. Katika nyumba za mawe, mkosaji ni kidaka, kile kishubaka cha ukutani. Kukiwa na mmea ndani yake kidaka kinapendeza kweli, na ukuta wa chokaa nyuma yake unautoa vizuri, lakini vidaka vipo kwenye vyumba vya ndani ambako mwanga ni haba, upepo haupiti, na vumbi la chokaa linadondoka juu ya majani. Vitu vitatu vibaya kwa pamoja. Kama moyo wako uko kidakani, kuwa na mimea miwili uibadilishane, mmoja akae humo siku chache wakati mwingine yuko kwenye uwanja wa ndani akipata hewa.

Mahali pazuri ni uwanja wa ndani wa nyumba, kwenye ukuta unaopata jua la asubuhi mpaka kama saa tatu hivi kisha kivuli chenye mwanga. Baraza inayotazama mashariki inafaa pia. Ndani ya chumba, uwe karibu na dirisha lililo wazi. Ukiutoa kizani usiupeleke juani siku hiyohiyo. Usogeze kidogo kidogo kwa wiki mbili.

Umegeuka mwekundu, halafu unaanza kufa

Majani ya katikati yakishika wekundu, furahi. Ionantha hufanya hivyo unapokaribia kutoa maua, na maua yake ni mirija mirefu ya zambarau yenye chavua ya manjano nchani. Mwanga mwingi nao huutia haya kidogo hata bila maua.

Baada ya maua mmea hautachanua tena. Unazeeka taratibu, pengine kwa mwaka au zaidi, na wakati huo unatoa machipukizi kitakoni. Watu huona mama anakauka majani ya nje wakadhani ni ugonjwa, wakaanza kumtibu kwa maji mengi na dawa, wakayaozesha machipukizi pamoja naye. Mwache. Anawalisha wale wadogo. Chipukizi likifika theluthi moja hadi nusu ya ukubwa wa mama, unaweza kulitenga kwa kulizungusha taratibu kutoka kitakoni. Likigoma, halijawa tayari. Ukiyaacha yote pamoja yatafanya fungu, na fungu zuri hushinda mmea mmoja mmoja, ila lina sehemu nyingi za kujificha maji, kwa hiyo ukung'utaji wake uwe wa makini zaidi.

Mmea uliofikia ukubwa wake lakini hautoi maua, kwa kawaida haupati mwanga wa kutosha. Mbolea nyepesi inasaidia: ile ya maji ya okidi, robo ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa mwezi, na kwanza usome lebo kuhakikisha haina shaba.

Weupe juu ya majani

Weupe ulioenea sawasawa, usiotoka ukiupuliza, ni yale magamba. Usiyafute. Kila mwaka naona mimea iliyopanguswa kwa kitambaa kama kabati, ikang'aa, kisha ikafa kiu. Mafuta ya nazi ya kung'arishia majani ni mabaya zaidi, na hata mafuta ya mwarobaini, ambayo ni dawa nzuri kwa mimea mingine, huku yanaziba.

Weupe ulio kama vijipamba vilivyojificha kwenye makwapa ya majani ni wadudu wanaonyonya utomvu. Sisimizi wakipanda na kushuka kwenye mshipi, wafuate, watakuonyesha walipo, kwani huwalinda kwa ajili ya utamu wanaoutoa. Chovya pamba kwenye spiriti ya hospitali, mguse mdudu mmoja mmoja, kisha uloweke mmea kwenye maji ya mvua nusu saa na kuukausha. Rudia baada ya wiki, mayai yakiwa yameanguliwa.

Mmea ulioletwa kutoka bara

Ukinunua Nairobi au Malindi, fanya safari na mmea mkavu. Ufungwe kwa karatasi ndani ya boksi lenye matundu, usitiwe mfuko wa plastiki, na usimwagiliwe siku ya kuondoka. Siku mbili tatu bila maji hazitaudhuru; masaa kumi ndani ya mfuko wenye joto kwenye basi yatauozesha. Kutoka Mokowe, gati ya upande wa bara, mpaka Amu ukae ndani ya boti chini ya turubai, kwani mawimbi hurusha maji. Ukifika nyumbani, usuuze kwa maji ya mvua hata kama unaona haukurushiwa, uukaushe, na uuweke kivulini penye upepo kwa wiki ya kwanza kabla hujauchagulia ukuta wake.

Kama unauagiza kutoka nje ya Kenya, kibali cha kuingiza mimea hutolewa na KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, nawe unahitaji pia cheti cha afya ya mmea kutoka nchi unakotoka. Ule mkubwa wa fedha unaojikunja, Tillandsia xerographica, uko kwenye Orodha ya Pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, kwa hiyo hati zake ni zaidi ya hizo. Muulize muuzaji hati kabla ya kulipa.